Wimbo wa Masara Bila Maneno

Tangu blogu yetu irudi na sura mpya, vijana wengi mmeniandikia. Mnauliza rangi ile ya udongo mwekundu niliipata wapi, nani alichora lile gitaa dogo pale juu, na kama mtu anaweza kuanza blogu ya muziki akiwa na simu peke yake. Mmoja wa Ndhiwa aliandika, "Mama, sasa blogu imekuwa safi, hongera." Nilimshukuru. Sikumwambia kwamba siku hiyo sikuwa nimekula chochote, na kilichoninyima chakula ni hiyo hiyo blogu.

Nitawajibu wote mahali pamoja. Mimi niliacha shule darasa la nane, kwa hiyo ninaandika jinsi nilivyozoea kuongea na wateja. Mambo ya rangi muulizeni Felix, kijana wa Homa Bay aliyeitengeneza blogu upya. Mimi kazi yangu ilikuwa kurekodi muziki, kuunakili na kuukata. Niliifanya Migori tangu nikiwa msichana mpaka goti lilipokataa ngazi za duka, nikarudi Rusinga, kwenye boma la mume wangu. Mume wangu mwenyewe yuko hapo nje, chini ya saruji, upande wa kushoto ukitoka mlangoni.

Duka letu lilikuwa ghorofani, nyuma ya steji ya magari ya Isebania. Mteja akimaliza ngazi, kabla hajapumua, nilimuuliza, "Na maneno ama bila maneno?" Kwa msiotoka huku, nieleze. Bendi ya benga, muziki wetu wa magitaa, ikicheza mbele ya watu, mtu yeyote anaweza kusimama, akawatuza wanamuziki, nao wakashusha magitaa yakawa yanapiga pole pole. Yeye anashika maiki na kujisifu. Anataja jina lake, kwao, mke wake, rafiki yake aliyekufa, hata fahali wake. Tunaita pakruok. Akimaliza, watu wanapiga kelele, magitaa yanapanda, na wimbo unaendelea mpaka mwingine asimame. Wimbo mmoja ulikuwa unaweza kula upande mzima wa kaseti, na zaidi ya nusu yake ni watu wanajisifu.

Wenye baa na madereva walitaka bila maneno. Waliokuwa na majina yao ndani ya kaseti walitaka na maneno. Hivyo dukani tulikuwa na kila wimbo mara mbili, na kazi ya kutoa maneno ilikuwa yangu.

Aliyenifundisha ni Jaduong' Ogola, fundi wa redio aliyekuwa na meza karibu na soko. Jaduong' ni mzee kwa Kiluo, na yeye alianza kuitwa hivyo akiwa bado kijana kwa sababu ya ukali wake. Siku ya kwanza aliwasha kaseti, akaniambia, "Geuka uangalie ukuta."

"Niangalie nini ukutani?"

"Hakuna kitu ukutani. Ndiyo maana nakwambia uangalie huko. Macho yako yana kelele sana."

Nikageuka. Akanichezea kipande kimoja mpaka mchana ukaisha, akiniuliza pale pale: besi inatua wapi? Hilo ndilo nililojifunza kwake, na ndilo ninalowapa ninyi bure. Mtu asiyejua kazi hukata mahali gitaa linaponyamaza, kwa sababu ndipo anapodhani wimbo umepumzika. Sikio la msikilizaji halijashika gitaa. Limeshika besi. Ukitaka kutoa maneno, acha wimbo uende mpaka besi iko karibu kutua, ikate hapo hewani, halafu uiunganishe na besi nyingine inayotua baada ya maneno kwisha. Wakati ule tulitumia mashine mbili za kaseti na kidole kwenye kibonyezo cha kusimamisha. Siku hizi mnaona sauti kwenye skrini kama milima midogo, mnaikata kwa kipanya. Ni rahisi zaidi, lakini sheria ni ile ile. Ukifanya vizuri, hata mpiga besi mwenyewe hatajua kwamba kuna watu wamesimama hapo katikati wakaongea.

Makosa nilifanya. Mwalimu mmoja wa Rongo alijisifu kwenye harambee, akaja kununua kaseti, nami nikampa ya bila maneno. Baada ya wiki akarudi amevaa koti.

"Nyar Karungu," akasema. Hilo ndilo jina nililoitwa dukani, binti wa Karungu. "Nimeita wakwe zangu. Nimewachinjia kuku. Nimeweka kaseti. Niko wapi?"

"Uko wapi namna gani, Mwalimu?"

"Nilishika maiki! Watu wote waliniona. Sasa bibi yangu ananiuliza, 'Baba Achieng, kweli ulienda harambee ama ulikuwa kwa yule mwingine?' Umenifuta, mama. Umeniletea kesi kwa nyumba."

Jaduong' alikuwa amekuja kuomba waya. Alicheka mpaka akakaa chini. Zile zenye maneno tulikuwa tumeshaziuza zote, hata ile ya kunakilia, basi nikawasha mashine, nikamwambia Mwalimu ajisifu upya. Akasimama katikati ya duka na koti lake, akajisifu, huku makanga chini wakiita "Isebania! Isebania!" Akasikiliza, akasema imetoka bora kuliko ya kwanza. Akaenda zake ameridhika.

Na mimi nilicheka miaka yote kwa ajili ya huyo Mwalimu. Niliona maneno ni kitu chepesi. Yakipotea, unamwita mwenyewe anayasema tena.

Owino alikuja dukani kununua kaseti moja. Aliuliza maswali mengi sana: huyu anayepiga hapa ni nani, mbona gitaa la pili linachelewa, hii ilirekodiwa ndani ama nje. Jaduong' akamwambia, "Kijana, ama ununue ama umwoe huyu msichana, lakini usizibe mlango." Alinunua. Baadaye akafanya hilo la pili.

Alikuwa mtu wa kimya. Hata kanisani akiombwa afunge kwa maombi alikuwa anakohoa mpaka mwingine aanze. Lakini akiandika alikuwa mtu mwingine. Kaseti zilipokwisha, zikaja CD, CD nazo zikaanza kufa, yeye akajifunza mambo ya mtandao kwenye saiba, duka la intaneti la rafiki yake, akafungua blogu. Kila wimbo aliupa ukurasa wake: umerekodiwa wapi, nani walipiga, siku hiyo kulikuwa na nini. Aliandika Kiswahili ili Wakuria, Wakisii na watu wa ng'ambo ya mpaka wasome. Hakuandika kwamba wimbo ni mtamu. Aliandika, "Hapa mpiga besi amekosea, msikilize anavyojirudisha bila aibu." Watu walioko mbali, madereva wa Dar es Salaam, wasichana wanaofanya kazi Uarabuni, walisoma na kujisifu chini ya ukurasa kwa kuandika, kama vile wameshika maiki.

Kazi yangu ilikuwa kutoa sauti kwenye kaseti na kuiingiza kwenye kompyuta. Nyimbo tuliziweka na maneno yake yote, kwa sababu Owino alisema blogu si baa. Kaseti zenyewe tulizifungia kwenye katoni. Paa la duka likavuja msimu mmoja wa mvua tukiwa hatujui, na tulipofungua, utepe ulikuwa umeshikana na kuota ukungu. Hatukulia sana. Tulisema, si nyimbo zote ziko kwa blogu? Kompyuta ya duka nayo ikafa. Tukasema hivyo hivyo.

Sasa niwaambie kuhusu Masara.

Kule wanachimba dhahabu kwa mikono, na vumbi la mawe yanayosagwa linaingia mpaka kwenye mkate. Ukienda kurekodi Masara, funga mashine kwa leso na uivishe maiki soksi ndefu ya mwanamke. Vumbi halipiti, sauti inapita. Tulifika Jumapili mchana, siku ambayo wengi hawashuki shimoni. Bendi ilikuwa imetoka upande wa Homa Bay, na kiongozi wao alikuwa mzee mwenye gitaa lililotafunwa na panya pembeni. Wachimbaji walijisifu mmoja baada ya mwingine. Mmoja alisema yeye ndiye jiwe lililovunja nyundo. Mwingine alisema mama mkwe wake akimwona anapanda mti. Mimi nilikuwa nimechuchumaa na mashine, hedifoni masikioni, macho kwenye ile sindano inayoonyesha sauti ikizidi.

Ndani ya hedifoni nikasikia sauti ninayoijua. Owino alikuwa ameshika maiki.

Alisema pole pole, kwa Kiluo, kwamba yeye ni Owino wa Rusinga, mume wa Nyar Karungu. Kwamba wengine hapa wana ng'ombe, na wengine wana dhahabu. Yeye ana masikio ya mke wake, na hayo yanamtosha kusikilizia dunia.

Wachimbaji walipiga kelele mpaka sindano ikalala kwenye nyekundu. Nami sikuinua uso. Niliona sindano tu. Alikuwa amesimama karibu mno, anaharibu sauti. Nikasema, kwa kile Kiswahili changu cha kazi nilichokuwa nikiwafukuzia walevi dukani, "Owino, toka hapo." Watu wakacheka tena. Akatoka. Magitaa yakapanda.

Hiyo ndiyo mara moja tu sauti yake ilirekodiwa. Maisha yake yote alikuwa upande wa pili wa mashine, pamoja na mimi.

Alikufa kwa ugonjwa wa kifua. Hapa Rusinga bendi ilikuja matangani, watu wakasimama na kujisifu kwa jina lake, nami kwa mara ya kwanza nilikuwa kwenye muziki bila mashine yangu. Watu waliniuliza mbona sirekodi.

Baada ya mazishi sikuusikiliza wimbo wa Masara. Niliuogopa. Ilinitosha kujua kwamba uko, ukurasa wa ngapi, chini ya picha gani. Wajane wengine wanaweka shati. Mimi nilijua nina sauti, na kwamba siku nikiwa na nguvu nitabonyeza.

Kisha simu zikabadilika. Ile pleya ya zamani ambayo Owino aliiweka ikakataliwa na simu mpya. Kurasa zilifunguka, maandishi madogo kama mchanga, lakini ukibonyeza wimbo hakuna kitu. Watu wakaandika, "Mama, nabonyeza na kumenyamaza." Sauti zilikuwa bado zimo ndani, zimefungiwa tu. Wasomaji wakapungua, halafu wakaisha. Blogu ya muziki isiyo na muziki ilinichoma kuliko kaburi. Kaburi angalau nililiona nikifagia.

Ndipo nikamtafuta Felix. Ana ofisi ndogo Homa Bay mjini, anatengeneza mabango ya wanasiasa, kadi za harusi na vijitabu vya mazishi. Cha Owino alikitengeneza yeye, ndiyo maana nilimwamini: hakukosea jina la mtu hata mmoja. Alinionyesha mchoro wake wa kwanza wa blogu mpya. Zambarau, maua pembeni, picha ya Owino katikati ya mawingu.

"Wuoda," nikamwambia, yaani mwanangu, "hii ni blogu ama matanga?"

Alishika kichwa. "Pole, Mama. Mkono umezoea."

"Owino atafufuka aende zake."

Tulicheka. Nilikuwa sijacheka siku nyingi. Akaanza upya, akaleta ile rangi ya udongo na herufi kubwa, na pleya inayofanya kazi hata kwa simu ya bei ya chini. Tuliposikia muziki ukitoka kwa simu yangu mbovu, mimi ndiye niliyelia, si yeye.

Halafu akaniletea jambo. Alikuwa amejaribisha nyimbo chache kwa marafiki zake. "Mama, watu wanasikiliza vizuri mpaka mtu aanze kuongea. Akianza tu, wanatoka. Bando zinaisha wakimsikiliza mtu anaitwa jiwe la nyundo. Vijana wanataka wimbo."

"Owino alisema blogu si baa."

"Najua. Lakini ukiweka vile ilivyokuwa, itakufa tena. Mimi sitaki ife mara mbili, Mama."

Nilifikiria usiku na mchana, nikakubali. Maneno yatolewe. Na kwa sababu nimeona kwenye mtandao nyimbo za huku zilivyokatwa kama kuni, nilisema nitamfundisha mwenyewe. Alikuja Rusinga na kompyuta yake. Nikamwambia ageuke aangalie ukuta.

"Ukuta una nini?"

"Hauna kitu. Besi inatua wapi?"

Mwanzoni alikata vibaya. Kufikia jioni alikuwa anakata kama mimi. Nilikuwa na furaha, siwadanganyi. Jaduong' alishakufa, Owino alishakufa, nami nilidhani nitaondoka na ujuzi huu peke yangu. Sasa ulikuwa umeingia kwenye mikono mingine, mikono michanga.

Akaniuliza akifunga kompyuta, "Kuna wimbo wowote niuache na maneno yake?"

Hapo ndipo nilipokosea, vijana. Si kwenye rangi wala kwenye mashine. Nilikuwa na la kumwambia, fupi tu: acha wa Masara. Lakini angeuliza kwa nini. Ningesema kwa nini, na ningelia mbele ya kijana ambaye mama yake ni mdogo kwangu. Nikasema, "Fanya kwanza. Nitakagua mwenyewe."

Alifanya. Akaniita, "Mama, kagua, ukisema sawa nafunga ile ya zamani. Mwaka tuliolipia unaisha, tusilipie nyumba mbili." Nilikaa na simu siku nzima. Nilikagua rangi. Nilikagua majina, moja moja, kwa sababu ya kile kijitabu cha mazishi. Nilifungua ukurasa wa Masara, nikaona picha iko mahali pake, maandishi ya Owino yako vile vile. Chini ya picha kulikuwa na urefu wa wimbo. Kama ningeusoma ningejua. Kidole changu kilikuwa juu ya pleya. Sikubonyeza. Niliona leo si siku.

Nikampigia. "Iko sawa. Funga."

"Una uhakika? Umeangalia zote?"

"Nimeangalia."

Na ni kweli niliangalia. Mimi, niliyefundishwa kuangalia ukuta.

Blogu ikafunguliwa. Mlikuja wengi, wengine mkiwa wapya kabisa, na wale wa Uarabuni wakarudi. Furaha yenu ndiyo iliyonipa nguvu. Asubuhi moja nilifagia kaburi, nikaoga, nikaweka kiti kikiangalia ukuta, nikabonyeza wimbo wa Masara. Ukaanza. Gitaa lililotafunwa na panya, besi, kelele za watu kwa mbali. Nikangoja jiwe lililovunja nyundo. Hakuja. Mama mkwe hakupanda mti. Wimbo ukaenda, ukaenda, ukaisha.

Nilidhani simu imeruka. Nikaurudia. Kisha nikamwita Felix.

"Ule wa Masara. Wenye maneno uko wapi?"

"Nilikata, Mama. Kama zingine."

"Ule mwenyewe, kabla hujakata."

"Kompyuta yangu ilikuwa imejaa. Nilikuwa nikikata nahifadhi juu ya ule ule. Na ile ya zamani tulifunga… Mama? Kulikuwa na nini hapo?"

Nikamwambia. Alikuja siku hiyo hiyo, akavuka daraja la Mbita jua likiwa kali, akaingia bila kubisha.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesemaje?"

"Ungesema tu 'Felix, usiguse hii'! Nisingeuliza!"

Ungeuliza, nilimwambia, na ningekujibu, na tungekuwa tumelia wakati ule badala ya sasa. Alikaa sakafuni na kuwasha programu za kufukua vilivyofutwa. Zikarudisha picha ya mbuzi wa bango la mwanasiasa, na kadi ya harusi ya watu walioachana. Kampuni iliyokuwa ikihifadhi ile blogu ya zamani iliandika kwamba kilichofutwa kimefutwa. Mzee wa bendi alishafariki. Felix alisema kuna kompyuta siku hizi zinaweza kutengeneza sauti ya mtu. Nilimwomba anyamaze.

Nikaandika kwenye blogu: mwenye wimbo wa Masara wa zamani, tafadhali. Sikueleza sababu. Wengi wenu mlinitumia nyimbo nyingine, nawashukuru. Mwishowe akapatikana kijana wa bodaboda pale Migori. Baba yake alikuwa dereva wa gari la Isebania, na aliacha memori kadi yenye nyimbo za duka letu. Felix alienda kuichukua mwenyewe. Alipoiweka kwenye kompyuta, nilikuwa nimeshageuza kiti.

Baba yule alikuwa dereva. Ningepaswa kujua kabla. Madereva walichukua bila maneno.

Ulikuwa mkato wangu mwenyewe, wa zamani, wa mashine mbili na kidole. Ndiyo, nilikuwa nimeshamkata Owino mimi mwenyewe, siku chache tu baada ya Masara, yeye akiwa ameketi kando yangu anakunywa chai. Nilikumbuka hata alivyosema. "Sasa umenitoa kwa dunia." Nikamjibu kwamba madereva hawana haja naye. Akacheka.

Lakini siku ile nilikuwa na haraka, na kidole changu kilikuwa kizito. Kabla ya magitaa kupanda niliachilia kibonyezo mapema kidogo. Wateja hawakugundua, nami sikurudia. Felix ndiye aliyesikia kwanza. Akarudisha nyuma. Besi inakaribia kutua, na chini yake, kwa mbali, kuna mwanamke anasema, "…toka hapo." Kisha kicheko, nusu tu, na magitaa.

Owino mwenyewe hayumo, hata pumzi. Nimesikiliza mpaka ninajua kila chembe ya vumbi kwenye utepe ule. Kilichobaki ni mimi, nikimwambia atoke.

Halafu nilimwomba Felix acheze ule aliokata yeye. Nikaangalia ukuta. Najua wimbo ule unapumua wapi, najua maneno yalianzia wapi na kuishia wapi. Nilitafuta kiungo. Nikatafuta tena. Besi inatua mahali pake, laini, kana kwamba Jumapili ile hakuna mtu aliyewahi kusimama. Hapasikiki. Nilimfundisha vizuri.

"Niweke upi, Mama?" akauliza.

Nikamwambia aweke wangu, wenye kasoro. Ndio huo mnaousikia sasa kwenye blogu.

Mmoja wenu ameandika chini yake juzi: "Mama, kazi nzuri, lakini hapo katikati kuna mwanamke anafukuza mtu. Ni nani huyo? Mngemtoa, anaharibu wimbo." Una sikio zuri, kijana. Wengi hupita hapo bila kusikia.

Ni mimi. Nilikuwa kazini.